Chuma Kigumu na Chuma Kivumilivu: Kuchagua Chuma cha Kisu cha Porini Hapa Goma

Anayenunua au kufua kisu cha porini hapa Goma aanze na jambo moja: kisu hiki kitagonga jiwe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya Mei 2021 ikafika vitongoji vya kaskazini. Mawe yake meusi ndiyo kuta za nyua zetu, ndiyo njia tunazokanyaga, ndiyo yanayojaa kwenye udongo wa mashamba. Ukipasua kuni chini, makali yakishamaliza mti yanatua kwenye jiwe. Ukikata mzizi, jiwe limelala nyuma yake. Ukipanda mlima mkono ukiwa umelowa mvua, kisu kinaponyoka na kuanguka kwa ncha.

Kwa hiyo swali la kwanza si makali yatadumu siku ngapi. Swali ni hili: yakigonga jiwe, yatafanya nini? Hapo ndipo neno "gumu" linapotutega, kwa kuwa linabeba mambo mawili. Muuzaji akisema "hiki ni chuma kigumu", huenda anamaanisha kwamba tupa haikikwaruzi. Huenda pia anamaanisha kwamba hakivunjiki. Mambo hayo hayafanani, na mara nyingi yanavutana, moja likipanda lingine linashuka. Chupa inaweza kukwaruza msumari, lakini ukiviangusha vyote viwili juu ya lava unajua kipi utakiokota kikiwa kizima.

Kwenye karakana tunayatenga kwa majina. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa na kubonyea. Uvumilivu ni kupokea pigo bila kupasuka. Viwandani ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C, na uvumilivu hupimwa kwa nyundo inayoning'inia iliyopewa jina la Mfaransa Georges Charpy: kipande cha chuma huvunjwa kwa pigo moja, kisha husomwa ni nguvu kiasi gani imetumika kukivunja. Kisu cha jikoni kinaweza kuishi kwa ugumu. Cha porini kinaishi kwa uvumilivu, na ugumu unaongezwa mpaka pale tu ambapo uvumilivu haujaanza kuumia.

Panga linafundisha hilo kila siku shambani. Limetengenezwa kwa makusudi liwe laini kiasi, kwa kawaida kati ya Rockwell 45 na 50 hivi. Likigonga jiwe linabonyea, mkulima anakaa kwenye kisiki, anatoa tupa, anapitisha mara kumi, anaendelea. Lingekuwa gumu kama wembe lingemegeka vipande, na pengo la milimita tatu halimalizwi kwa tupa. Kisu tunakitaka kigumu kuliko panga, kati ya 56 na 58, kwa sababu kinachonga, kinachuna ngozi na kukata kamba. Lakini hatupandi hadi 62, na tunamshauri mteja asilipie namba hiyo hata kama imeandikwa kwenye boksi.

Kabla ya kuchagua chuma kipya, soma kisu kilichoharibika. Makali yaliyojikunja kama ukingo wa bati yanasema chuma kilikuwa laini mno, au yalinolewa membamba kuliko kazi yake. Makali yenye mapengo ya nusu duara yanasema ugumu umezidi uvumilivu. Kikikatika palepale bapa linapoingia kwenye mpini, usikimbilie kulaumu chuma, tafuta kona kali iliyokatwa kwa grainda. Kisha tazama sura ya mvunjiko wenyewe kwenye mwanga wa jua. Ukiwa wa kijivu usiong'aa, laini kama majivu yaliyoshindiliwa, chembe za chuma zilikuwa ndogo na kazi ya moto ilikuwa nzuri. Ukimetameta kama sukari, chuma kilipashwa moto kupita kiasi, na chembe zikakua. Ukiona doa jeusi au la kutu ndani ya mvunjiko, ufa ulikuwepo zamani, pengine tangu siku kilipozimwa, yaani kilipopozwa haraka kutoka motoni, kwenye mafuta, na pigo la mwisho lilikamilisha tu.

Sasa chuma chenyewe. Kinachokifanya kiweze kukazwa kwa moto ni kaboni. Nondo ya ujenzi ina kaboni ndogo, karibu asilimia 0.2 au 0.3, na ukiipasha na kuizima haikazi kiasi cha kushika makali. Tupa nzuri ina zaidi ya asilimia 1. Visu vivumilivu vinakaa katikati, kati ya 0.5 na 0.8. Sababu ni kwamba kaboni hadi karibu 0.6 iliyoyeyuka ndani ya chuma inatosha kutoa karibu ugumu wote tunaouhitaji. Inayozidi hapo hubaki kama kabaidi, yaani vipunje vigumu kuliko chuma kinachovizunguka. Vipunje hivyo vinasaidia makali yasilike upesi kwa kukata kamba au katoni, lakini kila punje kubwa ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Na fundi akizidisha moto ili hiyo kaboni ya ziada iyeyuke yote, ndani ya chuma panajengeka vibao vikubwa vinavyogongana na kuacha nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho.

Ndiyo maana tunawazuia wateja wanaotaka kisu kilichofuliwa kutoka kwenye tupa. Wanaipenda kwa sababu inaonekana kali hata ikiwa imelala. Tupa inafaa kwa kisu kidogo cha kuchonga kinachokaa nyumbani. Kwa kupasulia kuni juu ya lava haifai, na tupa za bei rahisi zina ubaya mwingine: baadhi zimekazwa ngozi ya juu tu, ndani ni chuma laini. Ukiisaga unatupa sehemu iliyokuwa na thamani. Chuma cha D2 nacho, chenye kaboni karibu 1.5 na kromi karibu 12, kimejaa punje kubwa. Ni kizuri kwenye zana za kiwandani za kukatia na kutobolea bati. Makali yake yakikutana na jiwe hayabonyei, yanang'oka. 440C iko karibu na hapo.

Chuma kivumilivu kinachopatikana kwetu bila kuagiza mbali ni springi bapa za magari, hapa tunasema resori. Marekani chuma cha namna hiyo wanakiita 5160, Japani SUP9, na Ujerumani wana 55Cr3 na 51CrV4. Vinatofautiana kidogo, ila sura ni moja: kaboni kati ya 0.5 na 0.64 hivi, manganizi chini kidogo ya asilimia 1, kromi karibu kiasi hicho hicho. Manganizi na kromi zinakipa muda chuma. Hakihitaji kupozwa ghafla kama kile cha kaboni tupu, kwa hiyo mafuta ya kula yaliyopashwa yanatosha, na fundi akichelewa sekunde moja kazi haijaharibika. Kwa karakana isiyo na tanuru la umeme, hiyo ni neema kubwa kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi.

Lakini resori si chuma kipya. Imebeba gari juu ya mawe kwa miaka, ikipinda na kunyooka, na mpindo uliorudiwa huanzisha nyufa. Nyufa hizo hujificha chini ya kutu. Kwanza isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae. Ipake mafuta ya taa, iache robo saa, ifute kabisa kwa kitambaa kikavu, kisha ipake chokaa au vumbi la chaki. Penye ufa mafuta yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Kipande chenye mstari kama huo usikitafutie njia ya kukiokoa. Hata kilicho safi, kata mbali na tundu la boliti ya katikati na mbali na pale jani moja lilipokuwa linasuguana na jingine, angalau sentimita 5 kila upande. Resori iliyokatika yenyewe ndani ya gari iache kabisa. Kuna mafundi wanaoipenda kwa sababu ni rahisi kuipata, na visu vyao vinarudi.

Usiamini umbo peke yake. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 2, kipashe, kizime kwenye mafuta, kibane kwenye jiliwa na ukipige nyundo, ukiwa umevaa miwani na umekifunika kwa kitambaa kizito. Kikikatika bila kupinda, na mvunjiko ni wa kijivu laini, chuma kinakaza. Kikipinda kama nondo, kina kaboni ndogo au hukukifikisha kwenye moto wake. Rudia mara moja tu, kisha ukiache. Cheche za grainda zinasaidia kupanga chuma kabla ya hapo. Chuma laini kinatoa mistari mirefu yenye vishada vichache, resori inatoa vishada vingi zaidi, na tupa inalipuka kama maua karibu kabisa na jiwe la kusagia. Cheche zinakuonyesha kaboni, ila kromi ndogo huwezi kuisoma humo, kwa hiyo kipande cha kuvunja ndicho hakimu.

Springi za mviringo zinafaa pia, ila kuzinyoosha ni kazi. Bering ni za chuma kingine, kwa kawaida 52100 chenye kaboni asilimia 1 na kromi 1.5. Kikishughulikiwa vizuri kwenye tanuru lenye kipimo kina chembe ndogo sana na kinatoa kisu bora, ila kwa moto wa makaa kinakosewa mara nyingi, na bering kubwa nyingine zimekazwa ngozi tu. Misumeno mikubwa ya mbao mara nyingi ina nikeli, na nikeli huongeza uvumilivu. Tatizo la msumeno ni wembamba.

Kwa anayeweza kuagiza chuma kipya, au anayenunua kisu kilichokwisha kutengenezwa, majina ya kutafuta si mengi. 80CrV2, chenye kaboni 0.8 na kromi na vanadiamu kidogo, kinakubali makosa ya fundi. 8670 na 15N20 vina nikeli, na 15N20 ina karibu asilimia 2 yake. Hivi vyote vinashika kutu. 3V ni chuma cha unga: kinanyunyiziwa kikiwa kimeyeyuka, kinakuwa unga, kisha kinashindiliwa kwa joto, ili kabaidi zibaki ndogo na zisambae sawasawa. Kina kromi 7.5 na vanadiamu 2.75. Kwa uvumilivu kwenye ugumu wa 58 hadi 60 ni miongoni mwa bora vinavyouzwa, na makali yake yanadumu. Lakini kinahitaji kupashwa zaidi ya nyuzi 1,000 kwa muda uliopimwa. Usijaribu kukifua barabarani kwa makaa, utaharibu mali.

Kuhusu inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu upesi, wengi wetu tulizoea kusema ni chuma cha vijiko. Hilo si kweli kwa zote. AEB-L, chenye kaboni karibu 0.67 na kromi 13, kilibuniwa Sweden kwa ajili ya nyembe. 14C28N ni ya huko huko pia, ina kaboni 0.62, kromi 14 na nitrojeni kidogo. Kabaidi za aina hizi mbili ni ndogo, na zote mbili zinavumilia pigo vizuri kuliko D2. Kwa mtu wa Bukavu anayeingia kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, ambako nguo hazikauki, au mvuvi anayekaa na kisu kwenye mtumbwi, tungependekeza 14C28N kabla ya resori. Kisu kilichoandikwa tu "inoksi" sokoni, bila namba, ni kitu kingine kabisa. Mara nyingi ni laini, makali yanajikunja kwenye mbao, na hakuna kinoo kitakachokisaidia. Si cha kuvunjika, ni cha kuchosha.

Tukirudi kwenye resori, chuma ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni moto, na visu vingi vinavyokatika hapa vimeharibiwa hapo.

Makaa, tunayoyaita makala, yawe ya miti iliyopandwa, mikaratusi au migunga, yasiwe yaliyotolewa ndani ya mbuga. Moto wa kufulia uwe wa rangi ya chungwa iliyoiva. Rangi ikishuka hadi wekundu hafifu, acha nyundo na urudishe chuma motoni. Ukipiga chuma kilichopoa unapanda nyufa kwenye makali. Upande wa pili ni hatari zaidi: chuma kikianza kurusha cheche chenyewe ndani ya makaa, kimeungua, na sehemu hiyo hairudi. Ikate utupe.

Resori ya pikapu yenye unene wa milimita 7 au 8 ishushwe hadi 5 kwenye mgongo. Makali yaachwe na unene wa milimita 1 hadi 1.5 kabla ya kuzima. Yakiwa membamba zaidi yatapinda kama jani kavu. Moto unakula kaboni ya ngozi ya nje, kwa hiyo baadaye utasaga angalau milimita 0.3 kila upande kabla hujahukumu ugumu. Wengi hupitisha tupa juu ya ngozi hiyo laini, inauma, wanadhani kisu hakikukaza, wanakirudisha kwenye moto mkali zaidi. Hapo ndipo kilichokuwa kizuri kinapoharibika.

Baada ya kufua, chuma kina chembe kubwa na zisizolingana. Tunakipumzisha mara tatu. Mara ya kwanza kipashwe hadi kama nyuzi 870, kitolewe, kipoe hewani, mahali pasipo upepo, mpaka weusi uwe umeingia kote. Mara ya pili chini kidogo, kama 845. Mara ya tatu, kidogo tu juu ya pale sumaku inapoacha kushika. Kila duru inavunja chembe kuwa ndogo. Hatua hii haina sauti wala mwali, mteja haioni, na ndiyo inayorukwa. Ukiruka nyingine yoyote utagundua siku ile ile. Hii utaigundua kisu kikiwa mkononi mwa mwenzako mlimani.

Kuzima kunahitaji joto la nyuzi 830 hivi. Sumaku inaacha kushika kwenye 770, kwa hiyo sumaku peke yake inakudanganya upande wa chini. Chumvi ya mezani inayeyuka kwenye 801. Nyunyiza punje chache kwenye bapa. Zikiyeyuka na kung'aa kama maji, pandisha kivuli kimoja cha rangi, shikilia hapo dakika tano, kisha zima. Ili joto lilingane, weka bomba la chuma lililozibwa upande mmoja katikati ya makaa na upashe kisu ndani yake. Bomba lisiwe limepakwa zinki, moshi wa zinki unaumiza mapafu. Fanya kazi hii jioni au kwenye kivuli. Kwenye jua la mchana rangi ya moto inaonekana hafifu kuliko ilivyo, na fundi anapandisha joto bila kujua.

Mafuta ni mawese, lita 5 kwa kisu kimoja, kwenye chombo cha chuma kirefu cha sentimita 30 au zaidi, chenye kifuniko karibu. Kamwe si bidoo la plastiki. Yapashe hadi nyuzi 55 au 60. Mawese baridi ni mazito, yanashika mvuke kando ya chuma na kukipoza bila usawa. Hakikisha hakuna maji chini ya chombo, kwa sababu yakichemka yanasukuma mafuta nje pamoja na moto. Oili chafu ya injini haifai, moshi wake ni sumu na vilivyomo ndani havijulikani. Maji matupu hayafai kwa chuma hiki. Kikitumbukizwa majini utasikia "tik!", na sauti hiyo ni ufa.

Ingiza ncha kwanza, pandisha na kushusha, usiyumbishe kushoto na kulia, la sivyo bapa litapinda. Baada ya sekunde kumi hadi kumi na tano kitoe. Kikiwa bado cha moto, na kimepinda kidogo, unaweza kukinyoosha kwa mikono yenye glavu nzito. Nafasi hiyo ni fupi. Kikishapoa kabisa usijaribu, kitakatika kama kigae. Kisikae hivyo mpaka kesho. Kikishafika joto la kushikika kwa mkono, kipelekwe moja kwa moja kwenye kutuliza, yaani kupashwa tena kwa moto mdogo.

Kutuliza ndiko kunakorudisha uvumilivu. Tumia oveni kama umeme upo na hautakatika. Kama haupo, jaza mchanga mkavu kwenye sufuria nzito ya chuma, fukia kisu katikati ukiacha sentimita 3 au 4 za mchanga kila upande, weka kipimajoto karibu na bapa, funika, na uendeshe moto mdogo. Kipimajoto kijaribiwe kwanza kwenye maji yanayochemka. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kikikuonyesha 100, kinazidisha 5, na tano hizo utazitoa katika kila hesabu.

Duru mbili za saa mbili kila moja, na kisu kipoe kabisa katikati yake. Kwa nyuzi 200 utapata ugumu wa karibu 58. Kwa 220 hadi 230 utashuka hadi 56 au 57, na hapo ndipo tunapokaa kwa visu vya watu wanaofanya kazi juu ya lava. Usiendelee kupanda ukidhani kila nyuzi inaongeza uvumilivu. Kati ya 260 na 370 hivi, chuma cha aina hii kinapoteza ugumu na uvumilivu kwa pamoja. Kinakuwa laini zaidi na bado kinakatika kwa urahisi zaidi. Wanaopasha mgongo mpaka uwe wa bluu, rangi inayokuja karibu na 290 au 300, wanaupeleka katikati ya eneo hilo. Rangi zenyewe zinategemea pia muda, kwa hiyo usizifuate kama saa.

Umbo linaweza kuokoa chuma cha kawaida au kuua chuma bora. Bapa la sentimita 12 au 13 linatosha. Anayetaka kukata mti achukue panga. Chuma cha mkia kipite mpini wote kwa upana wake, na kila kona ya ndani iwe ya mviringo wa angalau milimita 3, hata kama kisu kitaonekana kimepoteza ukali wa sura yake. Mikwaruzo ya grainda inayokata bapa kwa upana iondolewe kwa msasa kuelekea urefu, hasa karibu na mpini, kwa sababu mkwaruzo wa kukingama ni mlango wa ufa. Matundu ya ribiti yatobolewe kabla ya kuzima na midomo yake ilainishwe.

Nyuma ya makali acha unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, kisha noa kwa nyuzi 20 kila upande. Kwa bapa la upana wa milimita 35, hiyo ni kuinua katikati ya mgongo milimita 12 juu ya kinoo. Pima mara ya kwanza kwa rula, mkono utakumbuka. Baada ya kutuliza, kila unaposaga chovya kwenye maji kila pitio. Rangi ya bluu ikitokea kwenye makali, hata kwa sekunde, mahali hapo pamelegea na msasa utaondoa rangi tu.

Mpini hatuusemei sana: mkaratusi uliokauka vizuri, mafuta ya kitani, ribiti za shaba. Chuma cha resori kifutwe baada ya kukata nanasi au ndimu, na kisilale ndani ya ala ya ngozi iliyolowa, kwa kuwa vishimo vya kutu kwenye makali ni mapengo yanayosubiri pigo.

Kabla kisu hakijatoka, kijaribiwe. Laza makali juu ya fimbo ya shaba ya njano yenye unene wa milimita 6, kwa pembe ile ya kunolea, na ubonyeze mpaka uone makali yanapinda kidogo kwenye mwanga. Yakirudi yenyewe, ni sawa. Yakibaki yamepinda, ni laini, au bado kuna ngozi isiyo na kaboni. Saga zaidi urudie. Yakimegeka, rudisha kwenye mchanga kwa nyuzi 15 zaidi, bila kuvuka 240. Kisha piga fundo la mkaratusi mkavu mara hamsini, na upitishe ukucha kwenye makali yote.

Na katika kila resori mpya, kisu kimoja kivunjwe. Kinauma kukivunja, kimekula makaa na siku mbili za kazi, lakini hakuna njia nyingine ya kuona ndani. Kibane ncha, kivute mpini mpaka kikatike, ukiwa na miwani na glavu, kisha soma rangi ya mvunjiko. Ikiwa ni ya kijivu laini, gonga alama ya resori ile na namba ya nyuzi ulizotulizia kwenye mkia wa kila kisu kitakachofuata, chini ya mpini, ili siku kikirudi kimeharibika ujue kimetoka kwenye chuma gani na moto gani.